Maria Theresa wa Barabara ya Kipling

Mgeni alifungua mlango wa ukumbi bila kubisha, katikati ya mazoezi ya mchezo wetu, kwenye kutawazwa kwa Maria Theresa. Nuria alikuwa amesimama juu ya kiti, ambacho Jumamosi hiyo kilikuwa farasi, na upanga wake wa boksi ulielekea mashariki. Mwanamume yule alivaa koti refu lililolowa theluji na viatu visivyofaa kabisa kwa Novemba ya Toronto. Nyuma yake alisimama msichana wa rika la Nuria, kajikunyata ndani ya jaketi jipya.

"Endeleeni, endeleeni," alisema. "Mimi si mtu wa kuogopwa."

Hakuna aliyeendelea. Nicolaus, Friedrich wetu wa Prussia, aliniuliza kwa Kiingereza huyo ni nani.

"Muulize mwenyewe. Kwa Kiswahili."

"Wewe ni nani?"

"Shikamoo kwanza!" wenzake wakamzomea, na ukumbi mzima ukacheka.

Jina lake lilikuwa Methodius. Alikuwa na kampuni huko Markham, na chama chetu cha Watanzania kilikuwa kimempata wiki hiyo tu awe mgeni rasmi na mfadhili wa sherehe ya Uhuru. Mimi sikuwa nimeambiwa. Msichana alikuwa binti yake, Domina, aliyewasili kutoka Dar es Salaam mwezi wa nane.

Mwaka huo, 2012, nilikuwa nimemaliza shahada ya historia na nilikuwa napokea simu za wateja wa benki. Jumamosi niliwafundisha watoto wa chama Kiswahili, hapo North York. Walikuwa wakielewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Nilijaribu hadithi za sungura na fisi, wakapiga miayo. Kisha siku moja, kwa kukata tamaa, niliwasimulia habari za Karl wa Sita, mtawala wa Austria aliyekuwa hana mtoto wa kiume.

Niliwaeleza alivyotumia miaka mingi kuwaomba wafalme wa Ulaya wakubali kwamba binti yake, Maria Theresa, atarithi nchi zake zote. Wakakubali, mmoja mmoja, kila mmoja kwa bei yake. Karl alipofariki mwaka 1740, binti alikuwa na miaka ishirini na mitatu na mimba tumboni. Kabla mwaka haujaisha, Friedrich, mfalme kijana wa Prussia, aliingiza jeshi Silesia, jimbo tajiri kuliko yote aliyorithi binti huyo. Wengine wakaona kumbe inawezekana, wakageuka nao.

Watoto walikasirika. Walikasirika kwa Kiswahili! Nicolaus alisimama kumtetea Friedrich: "Nataka Silesia tu. Sitaki vyote."

"Baba yako alikubali!" Nuria akamfokea.

"Baba yangu kafa."

"Na baba yangu je? Hajafa yeye?"

Siku hiyo nilijua mchezo wetu wa sherehe utakuwa upi na malkia atakuwa nani. Nilipeleka pendekezo kwa kamati pamoja na majina ya wachezaji. Wote wakaridhia, na mwenyekiti, Mzee Samson, akanisifu mbele ya watu.

Sasa Methodius alimsikiliza Nuria kidogo, akatikisa kichwa. "Mwalimu, huyu mtoto anaongea kama Mzungu aliyejifunzia Kiswahili kwenye ndege. Mpe Domina hata mistari miwili."

Domina akasoma. Siwezi kusema uongo: alisoma vizuri sana. Aliposhusha karatasi alinitazama kwa aibu, akanong'ona, "Mimi sikuomba, mwalimu."

"Malkia tunaye," nilimwambia baba yake.

"Sikukuomba ruhusa, binti. Nitaongea na Samson."

Nilimsindikiza Nuria mpaka kituo cha basi. Safari yake ya kurudi Rexdale ilikuwa ndefu, na kwa kawaida aliimaliza akinong'ona mistari yake. Siku hiyo hakuitoa hata karatasi ya mistari. Mama yake alifanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, zamu ya jioni, na alikuwa ameomba ruhusa usiku wa sherehe. Alidhani atamwona binti yake akiimba na wenzake. Hakujua kuna hotuba nzima, ile ya malkia akiwaomba Wahungaria wampe jeshi. Mwanamke huyo aliwahi kuniambia kwamba mwanawe anamjibu Kiingereza hata akiwa na homa, na kwamba nyumbani kwake anaishi na mgeni.

"Mwalimu Faudhia," Nuria akasema, "nitaisema mbele ya mama?"

"Utaisema. Yote, mpaka neno la mwisho. Nakuahidi."

Kamati ilikutana Alhamisi. Nilikwenda nikiamini kabisa kwamba watu wazima waliokubali jambo hawawezi kulikana baada ya wiki chache. Nilikuwa na shahada ya historia na bado niliamini hivyo.

"Mwanangu Faudhia," Mzee Samson alianza, "mambo haya ni ya kawaida. Mgeni rasmi ni mgeni rasmi. Atakaa meza kuu, atamwona binti yake, atafurahi. Nani kaumia?"

"Nuria kaumia. Tena nyote mlimkubali."

"Tulikubali mchezo."

"Mlikubali na majina, mzee."

Sughra, mweka hazina, aliyekuwa amenipigia simu kunipongeza kwa kumchagua Nuria, sasa alikoroga chai isiyo na sukari. "Domina ana Kiswahili kizuri, tuseme ukweli," alisema, bila kunitazama.

"Ndiyo maana hana haja ya darasa! Tulianzisha darasa kwa ajili ya nani? Nuria hakuwa na sentensi moja mwezi wa tisa. Sasa anayo hotuba nzima, na ninyi mnamwambia kwamba amejifunza bure kwa sababu yuko aliyezaliwa anajua. Karl wa Sita aliwaomba wakubwa wa Ulaya—"

"Hao Wazungu wako waache hukohuko," Mzee Samson akanikata, na wote wakacheka kama waliotuliwa mzigo. "Sikiliza. Nuria atakuwa mtumishi wa malkia, atabeba mtoto. Wewe simamia mchezo kimya kimya. Baada ya chakula mgeni rasmi atakutangaza kuwa mratibu wetu wa vijana kuanzia Januari. Kazi yenye mshahara, Faudhia. Au umechoka kuitafuta?"

Nilikuwa nimeitafuta mwaka na nusu, niachane na simu za benki. Aliyajua yote hayo. Ndiye aliyeniandikia barua za kunipendekeza. Niliondoka nimekasirika, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa kuwa sikusema hapana palepale.

Nuria aliposikia alijibu kwa Kiingereza kwamba haidhuru. Jumamosi iliyofuata alibeba mwanasesere wa kifalme, akajibu kila swali langu kwa Kiingereza safi. Na mama yake, alisema, ameirudisha ile ruhusa. Ya nini kupoteza zamu kwa ajili ya mtumishi?

Siku ya sherehe, saa tisa alasiri, nilimpigia Mzee Samson. Nilimwambia watoto wako tayari, Domina anajua mistari ya kila mtu na Sughra anaweza kuwapanga jukwaani. Mimi na Nuria hatutakuja.

"Usiniambie ni kwa sababu ya malkia wako."

"Nilimwahidi, mzee."

"Ulimwahidi mtoto! Mtoto husahau. Methodius hatasahau, wala kamati. Ukikosekana leo, hiyo kazi usiiulize tena."

"Sitaiuliza," nilisema. Sauti haikuwa ya kishujaa. Nilikata simu nikalia kidogo kituoni, kisha nikapanda basi la Kipling.

Mama Nuria alifungua mlango akiwa tayari na buti za kazi na fulana ya manjano. "Mwalimu? Si leo ndiyo sherehe yenu? Karibu, lakini mimi natoka."

"Hatutakuchelewesha, dada. Kuna kitu Nuria anataka kukuonyesha."

"Sitaki," Nuria alisema kwa Kiingereza kutoka sebuleni.

Nikamfuata. "Mwenzako naye aliachwa na wote," nilimwambia. "Alikwenda mji wa Pressburg kwa Wahungaria, ambao hata hawakumpenda sana. Leo Wahungaria ni mimi peke yangu. Tunasubiri."

Nuria akainuka. Kisha akapanda juu ya mkono wa kochi, akashika mwiko aliouchukua jikoni, akauelekeza kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, kama wafalme wa Hungaria walivyotakiwa kufanya wakiapa kuilinda nchi kila upande.

"Nimeachwa na wote walioapa," alianza. Sauti ilikuwa ndogo, na lafudhi ilikuwa ileile iliyochekwa. "Taji langu, watoto wangu, nafsi yangu, vyote naviweka mikononi mwenu."

Mama Nuria alishusha mkoba begani.

"Sina jeshi. Sina..." Akakwama. Nilikuwa nalijua neno, lakini sikulisema. Chini barabarani, basi la kuelekea uwanja wa ndege lilisimama na kuondoka.

"Basi langu hilo," mama alisema polepole.

"Mama, bado sijamaliza," Nuria akasema, kwa Kiswahili.

Mama yake akaketi sakafuni na buti zake. "Maliza, mwanangu."

Akamaliza. Ilipofika zamu yangu nilisimama nikapaza sauti ya Hungaria nzima, "Uhai wetu na damu yetu kwa ajili ya Maria Theresa!" mpaka jirani akagonga ukuta.