Kipandio cha Kumi na Mbili

Tangu Owuor aanguke kutoka kwenye mnara wa simu na kufa, mwenzake Okinyi hakuweza kupita kipandio cha kumi na mbili. Walitoka Kisumu pamoja, wakapanga chumba kimoja mtaani Kamwokya, wakapaka rangi minara ya Kampala kwa miaka minne. Sasa kila asubuhi Okinyi alifunga mkanda wake wa usalama, akapanda, na akifika hapo mikono ilikakamaa.

"Tia bidii!" msimamizi alifoka kutoka chini.

Okinyi alitia bidii. Alibana chuma hadi vidole vikafa ganzi, na kadiri alivyobana ndivyo nguvu zilivyomwishia.

Mzee Umar, fundi wa nyaya, mwenyeji wa mtaa wa Kyebando, alimtazama siku tatu. Ya nne akamwita kando.

"Bidii unayo, mwanangu, ila yote inaishia kwenye kushika chuma. Leo usitafute kufika juu. Panda vipandio vitano, simama, pumua, kisha ushuke kwa kupenda kwako. Kesho sita."

"Na msimamizi, mzee?"

"Huyo niachie mimi."

Wiki mbili zikapita hivyo. Siku aliyofika kipandio cha kumi na tano, Okinyi alishuka akatapika nyuma ya gari. Lakini alikuwa amefika.

Ijumaa iliyofuata Umar alikuwa juu kabisa, peke yake, sauti yake iliposhuka ikiwa nyembamba: "Okinyi! Sukari imenishuka. Sioni vizuri."

Msimamizi alikimbia kutafuta msaada. Aliyebaki amevaa mkanda ni Okinyi tu. Alimwona Owuor tena, jinsi alivyolala kwenye kokoto. Akashika kipandio cha kwanza.

Vitano, akasimama, akapumua. Vitano tena. Alipopita cha thelathini upepo uliutikisa mnara, mkojo ukamtoka, akafumba macho akilia kwa sauti. Alitamani kurudi. Kutoka juu alisikia Umar akisoma dua, maneno yakigongana. Akafumbua macho, akapanda vitano vingine.

Alimkuta mzee ananing'inia kwenye mkanda, jasho likimtiririka. Alifunga kulabu ya pili ya mkanda wa mzee kwenye chuma, akampitishia kamba kifuani, kisha wakaanza kushuka, Okinyi chini yake, akiuweka kwa mkono kila mguu wa mzee mahali pake.

"Kulia, mzee. Sasa kushoto. Niko hapa."

Walitumia karibu saa nzima. Chini, Umar alinyweshwa soda, akapata nafuu.

Jumatatu Okinyi alimwambia msimamizi, "Kuanzia leo hapandi mtu peke yake. La sivyo, mkanda wangu huu hapa, naacha kazi."

Msimamizi alinung'unika, akakubali.

Woga haukumtoka Okinyi. Lakini kila asubuhi alipanda polepole, akipumzika anapotaka.