Ukungu Ndani ya Mustang

Baba mdogo Silvester mpaka leo anasema ni gundi. Akimpata mtu wa kumsikiliza, awe paroko au mchunga ng'ombe, atamweleza jinsi Faustina alivyovuruga msiba wa watu kwa sababu ya gundi. Faustina ndiye mimi. Mdomo ninao, muulize yeyote pale saluni ninakofanyia kazi, Iringa mjini, lakini kwa jambo hili huwa namwacha aongee mpaka achoke. Leo nitasema, kisha nisiulizwe tena.

Mdogo wangu Anord alikuwa fundi wa kupiga rangi magari huko Mbeya, kwenye gereji ya uchochoroni karibu na soko la Mwanjelwa. Mchana kutwa alipiga rangi magari ya watu. Akirudi chumbani alipiga rangi magari ya kwake, ya plastiki, urefu wake kama nusu mche wa sabuni. Alikuwa akiyapata kwenye marobota ya midoli ya mitumba. Ndani ya boksi gari linakuja vipande vipande, vimeshikana kwenye vijiti. Unavikata kwa wembe, unavisugua kwa msasa, unavigundisha, unavipaka rangi, na siku moja unaona gari. Hakutaka gari lolote isipokuwa yale ya Kimarekani ya zamani, yenye boneti ndefu na injini ya kugombana na barabara. Nilimwambia siku moja atengeneze Noah, gari tunalolijua. Aliniangalia kama nimemtukana mama.

Rangi nilimpa mimi. Kazi yangu ni kucha, na chupa zilizobakiwa na rangi kidogo nilikuwa namwekea. Naye alinifundisha kazi yake, maana mkono wangu hautetemeki. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wa hesabu. Bodi inashikwa kwa gundi ya plastiki. Vioo vinashikwa kwa gundi nyeupe, ile ya maseremala, na si nyingine. Supagluu isisogee karibu na kioo, kwa sababu mvuke wake unaacha ukungu mweupe ambao hautoki milele. Gundi nyeupe haina ukungu, ila ina ubaya wake: haipendi unyevu, ikilowa inaachia. Na kabla hujafunika bodi juu ya viti, unapuliza ndani kwa mdomo, kwa nguvu, vumbi litoke, halafu unafunika upesi kabla halijarudi.

Mara ya mwisho kwenda Mbeya nilimkuta na Mustang. Viti alikuwa amevipaka krimu, vioo ameshaviweka, bodi bado haijapakwa rangi. Lakini kichwa chake hakikuwa kwenye gari. Marafiki zake walikuwa wamemjaza maneno ya dhahabu ya Chunya na kesho yake walikuwa wanaondoka. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Yeye akainama, akapuliza ndani ya gari, akafunika bodi, akalibana kwa raba bendi.

"Umefungia pumzi yako humo," nikamwambia, bado nina hasira.

"Basi itanisubiri, dada," akacheka. "Kaa nalo. Nikirudi tutalipaka rangi ya damu ya mzee."

Nililibeba hadi Iringa nikaliweka juu ya kabati la saluni.

Habari zililetwa kwa simu na Abrahamu, msimamizi wa duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Udongo ulikuwa umeshuka. Wenzake walikuwa karibu na mdomo wa shimo wakatoka, Anord alikuwa chini. Walichimba, udongo ukashuka tena, wakachimba, ukashuka tena. Mwishowe Abrahamu akapiga simu akilia, mtu mzima, akasema pole, hatuwezi kupoteza wengine.

Mimi nilikataa. Sikukataa kwa sababu yoyote ya maana, nilikataa tu, kama mtoto anavyokataa dawa. Nilikuwa nimemlea mgongoni yule. Niliwapigia simu kila siku nikiwatukana na kuwaomba, kwenye simu hiyohiyo moja.

Nyumbani kwetu ni Kilolo, na ukoo wetu una desturi yake. Mtu ambaye mwili wake haukuonekana hazikwi patupu. Kinazikwa kitu alichokishika kuliko vyote. Ndugu wa babu aliyechukuliwa na maji ya Ruaha, kaburini mwake mna jembe. Na kitu hicho lazima kiwe kizima. Ukizika kitu nusu, wazee wanasema, mwenyewe anabaki nusu.

Baba mdogo Silvester akauliza Anord alishika nini. Kila mtu akaniangalia mimi.

"Basi kalimalizie hilo gari," akasema. "Jumamosi tunazika."

Nililimalizia saluni, saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani, wateja nimewafukuza. Sikulifungua. Niliondoa raba bendi moja moja huku nimelibana kwa vidole, nikapitisha gundi ya plastiki kwenye ungio kuanzia mbele hadi nyuma, kwa sababu kule ndani ndiko kulikokuwa na kazi ya mikono yake na sikutaka hewa ya saluni iingie. Ilipokauka nikapaka damu ya mzee, tabaka juu ya tabaka, kwa brashi ya kucha. Nililia bila kutetemeka, jambo ambalo sikujua kama linawezekana. Lilitoka zuri. Liling'aa mpaka nikamchukia Anord kwa kutokuwepo.

Nikaliweka dirishani. Hapo ndipo kioo cha upande wa dereva kilipoingia ukungu.

Nilifikiri nimekosea gundi. Nikatazama mezani, supagluu haikuwepo, haijawahi kuwepo. Nikafuta kioo kwa kitambaa. Ukungu ulikuwa ndani. Nikiwa bado nimekishika kitambaa, ukatoweka wenyewe, kioo kikawa safi, nikaona viti vya krimu. Kisha ukarudi. Ukatoweka, ukarudi, polepole, na nilikuwa nimesimama pale muda kabla sijagundua kwamba mimi mwenyewe nimeanza kupumua sambamba nao. Nikalifunika gari kwa taulo na kujiambia ni msiba, msiba unamwonyesha mtu mambo.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu Kilolo. Shimo dogo limechimbwa karibu na kaburi la baba yetu, katekista ameshavaa, kina mama wanaimba. Gari liliwekwa kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa kitenge. Kabla hakijafungwa, baba mdogo akaniita nihakikishe kitu ni kizima. Nikainama.

Kioo cha dereva kilikuwa cheupe. Kikawa safi. Kikawa cheupe. Na safari hii ukungu ulikuwa wa harakaharaka, kama pumzi ya mtu aliyepanda mlima.

"Msifunge," nikasema.

"Faustina."

"Msifunge! Anapumua!"

Nyimbo zikakatika. Baba mdogo akanishika bega, akaongea kwa upole wa mbele za watu. "Mwanangu, Anord mwenyewe aliwahi kuniambia kuna gundi inayotia vioo ukungu. Ni gundi hiyo."

"Ukungu wa gundi hautoki, baba mdogo. Angalia huu unavyotoka!"

"Unatuaibisha mbele ya katekista."

Nikakinyakua kisanduku. Mtu mzima mimi, mbele ya ukoo mzima, nimekumbatia kisanduku kwenye matope huku wanaume wakitaka kuninyang'anya, na nikasema wakizika gari hili wanizike na mimi, na mengine niliyosema siyarudii. Mama ndiye aliyewatenganisha. Alikuwa hajasema neno tangu habari ifike. Aliomba gari. Akalifuta kwa pembe ya khanga, akaliweka karibu na uso wake, akalitazama kwa muda mrefu sana, manyunyu yanamwangukia.

Niliona kioo kikitoka ukungu na kuingia, na uso wa mama ukibadilika.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akihema akiumwa kifua, utotoni," akasema. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Waambie wa Chunya wachimbe tena."

Abrahamu alifikiri tumerukwa na akili. Lakini mama alichukua simu mwenyewe, na mwanamume hawezi kumkatia simu mama wa aina ile. Walitoboa kutokea duara la jirani, kwa ubavu. Mimi nilikaa kwa mama na gari mapajani. Ukungu ulizidi kuwa mwembamba, na kati ya mmoja na mwingine palikuwa na kimya ambacho sijui nikieleze vipi. Nilikuwa naliongelesha. Nilikuwa naliambia, vuta, Anord, vuta tena, mpumbavu wewe, vuta.

Walimtoa hai.

Abrahamu alinisimulia baadaye kwamba walimkuta kwenye upenyo wa mwamba, ameketi wima, macho wazi, mikono miwili ameinyoosha mbele kama ameshika usukani. Walidhani ni maiti mpaka alipoomba maji. Hospitali walimpima wakashangaa, wakamwongezea damu, wakampiga picha za kifua na kusema mapafu yake ni safi kuliko ya dereva wa lori yeyote. Baba mdogo alichinja mbuzi. Kuhusu gari alisema ilikuwa bahati tu, na gundi.

Anord akahamia Kilolo kwa mama apate nguvu. Anakula, anatania, ananenepa. Nilianza kulala usingizi. Gari nalo lilikuwa huko, kwenye kabati la vyombo, maana mama hakukubali litoke nyumbani.

Mwezi wa sita nilikwenda kuwasalimia. Baridi ya Kilolo mwezi huo si ya mchezo. Asubuhi tulikaa barazani na chai, mama, baba mdogo, Anord na mimi, tumejifunika mablanketi, kila mtu akisema neno moshi unamtoka mdomoni. Anord alikuwa akisimulia habari za shimoni, kwa mara ya kwanza.

"Kuna wakati hewa iliisha," alisema. "Nilijua kabisa imeisha, nikaacha kuvuta. Halafu nikajikuta nimekaa sehemu nzuri. Kiti laini cha krimu. Mbele kioo, kimejaa ukungu, sioni nje. Ila niliwasikia mkiimba. Na dada nilimsikia akitukana."

Baba mdogo alicheka sana, moshi ukamtoka kama treni. Mama akacheka. Anord naye akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi.

Hakikutoka kitu.

Nilimwangalia tena. Akanywa chai ya moto, akasema "aaah", na hewa mbele ya midomo yake ilikuwa tupu, safi, niliweza kuona migomba ya jirani nyuma yake. Niliinuka nikijifanya nafuata sukari. Nikafungua kabati la vyombo. Barazani Anord alicheka tena, na kioo cha dereva kikawa cheupe palepale. Alipokoma, kikaanza kusafika.

"Hilo nalo linaniudhi." Anord alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, wembe wa kukatia plastiki mkononi. "Kila siku naliona hapo na ukungu wake. Dada, ulitumia supagluu, sema ukweli. Lete, nifungue bodi nisafishe kioo, dakika tano."

"Usiliguse."

"Kazi mbaya hiyo, nitakaaje na..."

"Nimesema usiliguse, Anord!"

Sijawahi kumpigia kelele namna ile, hata kwa ajili ya Chunya. Alibaki na wembe wake hewani. Mimi nilikuwa natetemeka mikono yote miwili, mikono hii isiyotetemeka. Nikatoa kwenye mkoba kioo kidogo ninachowaonyeshea wateja nyusi zao. Nikakipulizia mimi, kikawa cheupe. Nikakifuta, nikakiweka mbele ya mdomo wake.

"Puliza," nikasema.

Akapuliza, kwa nguvu, kama anatoa vumbi. Kioo kilibaki na uso wake, bila doa. Akapuliza tena. Ndani ya kabati, kioo cha dereva kikawa cheupe mara mbili.

Alielewa. Mdogo wangu hajawahi kuwa mjinga. Aliuweka wembe juu ya meza taratibu sana, ncha ikielekea mbali na kabati, kisha akainama mpaka macho yake yakawa sawa na gari. Barazani tulimsikia baba mdogo akimweleza mama habari za gundi.

"Bodi uliifunga kwa gundi ya plastiki?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Imeshika. Haifunguki."

"Na vioo niliviweka mimi. Kwa gundi nyeupe."

Tulikuwa tunatazama pamoja kona ya chini ya kioo cha dereva, upande wa ndani, ambako pumzi ya miezi yote ile ilikuwa imekusanyika ikawa tone moja la maji, na tone hilo lilikuwa linateremka kuelekea kwenye gundi ile isiyopenda unyevu.