Mluzi wa Harkaman

Harkaman Rai alifika kwenye mawe ya kupumzikia wapagazi, akachomeka fimbo yake chini ya kapu la mgongoni, akaegemeza juu yake friji ya hoteli aliyoibeba. Ukanda wa mzigo haukutoka kwenye paji la uso. Akapiga mluzi, kama wapagazi wote wa milima ile wanavyopumua wakitua. Mzee mmoja mfupi, sare nyeupe, rungu mkononi, akatoka kiunoni mwa Harkaman.

"Umeita," akasema.

"Nani kakuita? Napumua tu."

"Aa, kaka. Kila kituo unapiga filimbi. Sisi walinzi wa damu tukisikia tunakuja mbio."

Harkaman akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Akamuuliza mbona mguu wa kushoto unawaka moto.

"Tumemkamata mgeni. Laini kama uji mzito, kajibanza katikati ya mifupa miwili ya mgongo wako. Tunampiga, moto unashukia mguuni."

"Mgeni gani? Huyo ni mto wangu wa kulalia mifupa ya mgongo, nimezaliwa naye!"

"Mbona hatumjui? Damu haifiki kwake. Ukuta wake umepasuka kwa mafriji yako, ndo tukamwona."

"Basi mwacheni."

"Ufa ukiwa wazi vijana wangu hawanisikii. Hawa wanapiga, wale wanafagia vipande vyake. Punguza mzigo, labda watatulia. Umebaki mto wa kijiko kimoja. Ukiisha, hata kapu tupu hulibebi."

Harkaman akamfikiria mama yake, asiyetembea, ambaye kila sikukuu ya Sakela yeye humbeba mgongoni kwenda kwenye ngoma.

Yeye na mlinzi wakaenda kwa Norzang, msimamizi wa mizigo. Norzang akampa mlinzi kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akajipiga paja.

"Kumbe shida ni mluzi! Si ungesema mapema, bwana?"

Kesho yake mluzi ukapigwa marufuku njia nzima. Friji ilikuwa ileile, na juu yake kikawekwa chungu cha kupikia wali, kwa kuwa sasa wapagazi walikuwa na pumzi ya akiba.

Kwenye mawe wakasimama kimya. Kisha kiunoni mwa Harkaman ukasikika mluzi mwembamba: walinzi wakiitana kazini. Wenzake wakaushukuru, wakachomeka fimbo zao.

"Kaka Harka, waambie wapige tena pale juu," akasema mpagazi wa nyuma. "Kule ndo kukali."

Nyumbani, mama yake alikuwa ameshaanza kujifunza kucheza ngoma ya Sakela akiwa amekaa.