Kikapu Kina Mwenyewe

...na kidole changu kiko juu ya kitufe, kimekataa kushuka, Robert amesimama nyuma ya kiti changu, "Akello, si ubonyeze tu, factory zote zimekwama," najua zimekwama, boss, nimeziona tangu asubuhi, makarani huko viwandani wanaandika jina moja tu, CHAI, hawajui kwamba nyuma ya jina hilo ziko programu tatu zinazofanana kama mapacha, na mashine humpeleka kila anayeingia kwa ile yenye watu wachache, ni haki kabisa, ila mashine inahesabu watu, haihesabu kazi, na makarani wetu wana ile tabia ya foleni ya mizani ya majani chai, unatanguliza kikapu halafu wewe unaenda kupiga gumzo, wanaingia mapema, wanashika nafasi, wanaenda zao, sasa programu ya pili imejaa vikapu visivyo na watu, na wenye kazi wanasukumwa kwa zile mbili mpaka zinakosa pumzi... "Kata hiyo ya pili yote, watarudi wenyewe wagawanywe upya, hizo programu si ni same tu?" ni same, ndiyo, hata sisi maopereta watatu ni same, alisema jana, mmoja ataenda nyumbani mwisho wa mwezi, yeyote tu, na naogopa, Mungu wangu naogopa, nataka aone ninavyotii... lakini Cheptoo, karani wa kiwanda cha Kiptere, yumo humo kwa ya pili, alinipigia asubuhi, "Dada, leo naingiza kilo za wakulima wote, usinikate, nikipoteza tena manager amesema niende kabisa," na kazi yake haihifadhiwi mpaka afike mwisho, Kiptere wana skrini kadhaa humo, sijui yake ni ipi, nimepiga simu, imekufa, ni hii mvua... mvua haikuwepo siku ile, jua lilikuwa kali, mama alitanguliza kikapu chake kwenye mizani kule estate, akaenda nyuma ya kibanda kumnyonyesha mdogo wangu Calvince, mwenye mizani akakisukuma kando kwa mguu, "hiki hakina mtu," mama akapiga kelele kutoka huko nyuma, kina mwenyewe, kina mwenyewe hicho, nani amsikie, majani yakaungua, yakakataliwa, akayamwaga mtaroni na jioni hakula... "Akello, unangoja nini?" nangoja Cheptoo amalize, ndicho ninachongoja, vikapu vingine ni vitupu, sawa, lakini kimoja mtu ameinama juu yake sasa hivi, anaandika, ananiamini... kidole bado kiko palepale, Robert bado ananipumulia shingoni, viwanda bado vimekwama, ila siogopi tena, na kama yeyote tu ndiye mimi, basi nitaenda nyumbani, kina mwenyewe, boss, hiki kina mwenyewe.