Msemaji wa Mzee Talimau

Hivi wewe umepata kumkata kucha mtu aliyewahi kupigiwa mizinga? Basi Mwanamwema binti Ameir, mtunza wazee wa kulipwa, kamkata. Kila Jumatatu asubuhi, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu pale Lewisham, alikuwa akimtia Mzee Talimau miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaiacha ilainike, kisha akaketi kwenye kigoda, akailaza mmoja mmoja juu ya taulo mapajani mwake, akaanza na kidole gumba. Miguu yenyewe ilikuwa mipana, vidole vimeachana, miguu ya mtu aliyekulia kukanyaga mchanga. Viatu vilikuja baadaye, pamoja na uwaziri mkuu.

Maana mzee huyu, Iosefa Talimau, alikuwa waziri mkuu wa Anuvalo, nchi ya visiwa vidogo vidogo katika bahari ya Pasifiki, ambayo kwenye ramani ya ukutani waweza kuifunika yote kwa kidole. Alianza kwa kusomesha watoto, akaingia katika chama cha walimu, akachaguliwa kwenda bungeni, akapanda hadi juu kabisa. Huko juu ndiko alikokuta jambo la kumtonesha. Kisiwa chake cha kuzaliwa, Nuamea, bahari ilikuwa ikikila. Visima vimeingia chumvi, viazi vikuu vinaoza ardhini kabla ya kuchimbwa. Akasimama mbele ya watu wake mwenyewe, akawaambia wahame, waende kisiwa kikubwa, kwenye kijiji kipya alichowajengea bondeni. Wakahama wakilia. Uchaguzi uliofuata hawakumpa kura, na hata aliporudi bungeni kwa jimbo jingine wenzake walimwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Moyo ukaanza kumsumbua. Binti yake, Selai, muuguzi wa hapa London, akamleta kutibiwa. Ilikuwa aje kwa miezi tu. Miezi ikawa miaka.

Hayo Mwanamwema aliyapata kidogo kidogo, kidole kwa kidole. Walisemezana kwa Kiingereza, yeye na chake cha Wete, Pemba, mzee na chake cha Pasifiki, na wakaelewana vizuri kuliko wengi wenye Kiingereza kilichonyooka. Lakini miguu ikishazama majini, mzee alikuwa akifumba macho na kuanza kunong'ona na lile beseni kwa lugha nyingine. Ilikuwa lugha ya Nuamea. London nzima hakuwa na mtu wa kusema naye. Selai alizaliwa mji mkuu. Alikuwa akiisikia kidogo, lakini akisemeshwa hujibu kwa Kiingereza.

Mwanamwema hakuona ajabu. Kwake Thamesmead mjukuu wake Suhaib naye ni vivyo hivyo, wamwambia "njoo ule" kwa Kiswahili, wajibiwa kwa Kiingereza kuwa hana njaa. Yeye mwenyewe siku nyingine alijikuta akiita samaki wa kwao mmoja mmoja kwa jina mbele ya sinki, bila samaki, bila mtu wa kumsikiliza.

Kitu kimoja mzee hakukisema kwa lugha yoyote, nacho ni anachotaka. Selai akimuuliza ale nini, atasema chochote. Akimuuliza kama ana baridi, atasema hana neno. Na Mwanamwema hakuuliza. Kwao Pemba mgeni haulizwi. Ukimuuliza utamwaibisha, atakwambia ameshiba na huku tumbo linanguruma. Unamsoma, unamwekea. Basi alimsoma mzee, akamwekea chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi iliyotwangwa, na maandazi kutoka kwake. Mzee aliinywa hadi sufuria ikaisha, akashukuru. Mwanamwema moyoni akasema, nimempatia.

Mwenzake wa kwenye basi, Plamedie, mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyekuwa kea wa wazee kama yeye, alimtania kila wakikutana.

"Mama Mwema, président yako iko namna gani?"

"Waziri mkuu, si rais."

"Ni bilebile. Zamani alikuwa anatuma maaskari, leo weye unamukata makucha. Na hakupe hata medali?"

"Medali niitundike wapi, kwenye buibui?"

Plamedie akacheka mpaka abiria wakageuka. Kisha akauliza, "Na anataka kurudia kwabo?"

"Hasemi."

"Si umuulize!"

"Mtu mzima haulizwi hivyo, shoga."

"Ah, nyinyi watu wa Pemba! Mutakufa na heshima yenu mukononi."

Ndipo Anuvalo ikabadili serikali. Waliokuja walikuwa vijana aliowasomesha mzee, na jambo la mwanzo walilotaka ni kumrudisha. Wakatuma mjumbe, Bwana Tupaki, afike Jumapili kusikia jibu. Selai tangu asikie habari hiyo akawa hali chakula vizuri. Akitoka kazini hukaa karibu na baba yake na koti lake bado mwilini.

Ijumaa, mzee alimshika Mwanamwema mkono.

"Kwetu," alimwambia, "mkubwa haombi kwa kinywa chake. Ana msemaji wake, ambaye husimama na gongo akasema mkubwa anataka hivi na hivi. Wangu alikuwa Fetu. Tulikua pamoja. Sikuwahi kumwambia ninachotaka, alikuwa anajua. Alikufa mwaka niliokuja huku, na tangu siku hiyo mimi ni kama bubu. Jumapili simama wewe."

"Mie? Baba, mie mwanamke, tena mgeni, tena Mwislamu!"

"Fetu alikuwa mlevi, na akisimama anayumba. Wewe umemzidi."

Mwanamwema akacheka, akakubali. Wala hakumuuliza aseme nini. Alijua. Alikuwa amemwona akifungua dirisha siku za mvua ya baridi, akinusa, kisha akilifunga polepole kama mtu aliyekuta barua si yake. Huyo anataka kwao. Na nani asiyetaka? Yeye aliondoka Wete msichana, wakati wa misukosuko, na mpaka leo akisikia mlango wa mbao ukilia bawaba moyo hukimbilia kwenye mlango wa mama yake, ambao sasa hufunguliwa na watu wengine.

Jumapili mchana wakakaa, Selai katoka kazini na koti bado mwilini. Mwanamwema alivaa kanga mpya juu ya gauni, akamimina chai kwa wote, akasimama pembeni ya kiti cha mzee na lile gongo lake la kutembelea. Bwana Tupaki, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akasema yake. Nyumba ya kilimani mji mkuu, baraza inatazama bahari. Dereva. Daktari. Bendera mlangoni, na siku yake ikifika, mazishi ya taifa zima.

"Nyinyi mnataka kumzika," Selai akamkata. "Mimi nataka kukaa naye. Hospitali iko hapa, mtaa wa pili. Moyo wake hauwezi safari ile."

"Dada, hatukusema—"

"Umesema mazishi kabla hujaimaliza chai!"

Macho yote kwa msemaji. Mwanamwema alikuwa na maneno yake tayari: mzee anashukuru, mzee anaikubali nyumba. Akavuta pumzi, akamtupia mzee jicho.

Mzee alikuwa anakunywa chai. Aliinua kikombe, akafumba macho kwa nguvu, akaikaza shingo, akaimeza kwa mkupuo kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Kisha akafumbua macho, akatabasamu, akakiweka kikombe chini kwa adabu.

Mwanamwema akakikodolea macho kile kikombe. Miaka yote hiyo alikuwa ameketi chini, kwenye kigoda, akitazama vidole vya miguu. Leo ndiyo mara ya kwanza kusimama akamwona uso anapokunywa. Vikombe vyote vile! Ikiwa chai hakuisoma, je, hili?

"Jamani," akasema, "nilikuja na maneno, nimeyaacha. Huyu baba mie sijamuuliza kitu hata siku moja. Kwetu mgeni haulizwi, kwao mkubwa hasemi. Tumekaa hivyo tukistahiana, na anachokitaka kikabaki katikati, hakina mwenyewe."

Akaketi kwenye kigoda chake, akamwekea mzee gongo magotini.

"Baba, wataka nini?"

Bwana Tupaki akainamisha uso kwa haya, kama aliyemwona mkubwa akivuliwa shati. Huko chini basi likapiga breki, likaondoka. Mzee akaligeuza gongo, akaligeuza tena.

"Kwanza," akasema, "hiyo tangawizi."

"Ina nini?"

"Inaniunguza koo. Tangu siku ya kwanza."

Selai kicheko kikamtoka, akajiziba mdomo. Mwanamwema akapiga mapaja yake. "Yarabi! Na masufuria yote yale?"

"Ulikuwa unaipika kwa moyo."

Wakacheka wote, hata Bwana Tupaki, mzee akafuta macho kwa kiganja. Kicheko kikaisha, lakini macho yakaendelea kulowa, naye akaacha kuyafuta.

"Selai, mwanangu," akasema, "moyo huu umebakisha safari moja, najua. Usinihifadhie safari hiyo. Njoo nami, au nipeleke urudi, lakini usinihifadhie." Selai akavua koti lake, akaja kuketi chini kando ya Mwanamwema, akaushika mguu mmoja wa baba yake. Mzee akamgeukia mjumbe. "Na wewe, nyumba ya kilimani mpe mtu mwingine. Nilikaa mle. Haina jirani."

"Sasa tukuweke wapi, Mwalimu?"

Mzee Talimau akanong'ona kwanza kwa lugha ile ya kwenye beseni, kisha akarudia kwa lugha ya wote, kwa kinywa chake mwenyewe.

"Bondeni, nilikowapeleka watu wa Nuamea. Nyumba ya bati kama zao. Nataka kila asubuhi mtu atoke mlangoni kwake anitukane kwa lugha ya mama yangu, kwa kumtoa kwao. Nami niwe mlango wa pili, niitike."