Kivuli Kilichokwenda Ugenya

Jumatatu, saa nne asubuhi, Jeconia Osewe alisimamisha mkokoteni wake kando ya barabara pale Kawangware 46, ukiwa na magunia sita ya makaa ya kupeleka Kibera. Mahali pale pana mteremko. Wavuta mikokoteni huzuia gurudumu kwa jiwe, na kila mmoja ana jiwe lake. Asubuhi ile mtu alikuwa amelichukua jiwe la Jeconia akaenda kujengea jiko, kwa hivyo Jeconia akaweka mguu wake wa kushoto mbele ya gurudumu, akawa anamngoja mwenye makaa atoke dukani.

Askari wa maegesho akaja, chuma cha manjano cha kufungia magurudumu begani. Jina lake Gichuru. Hatua chache kutoka pale, Mercedes nyeusi ilikuwa imepanda juu ya njia ya waendao kwa miguu na kuziba mlango wa kliniki, hata wanawake wajawazito wakawa wanaingia kiubavu. Gichuru aliweka boksi kwenye kioo cha mbele cha Mercedes ili usukani usishike joto. Kisha akaja kwa mkokoteni, akafunga gurudumu la kushoto.

"Boss, hii si gari," Jeconia alimwambia. "Hii ni mkokoteni."

"Iko na gurudumu?"

"Iko."

"Iko kwa barabara?"

"Iko, lakini..."

"Basi ni gari. Hiyo lakini peleka kwa baraza la chifu."

Chuma hakikugusa mguu. Hata hivyo, kilipolia kach, mguu wa kushoto wa Jeconia ulisimama pamoja na gurudumu. Aliuinua, haukuinuka. Gichuru aliinama akaushika kisigino, akauvuta polepole asimuumize, akasema basi, ndivyo vyuma vipya vilivyo. Alisema upande wa Dagoretti kuna fundi wa baiskeli aliyenaswa vivyo hivyo, na sasa amesimama wiki ya pili. Akaandika karatasi. Karatasi ilisema chombo kitafunguliwa mwenyewe akifika ofisini mjini, yeye binafsi, akiwa na kitambulisho.

Mkewe, Nereah, alipata habari akifua nguo Sarang'ombe, kule Kibera, mikono imejaa sabuni. Alitembea mpaka Kawangware bila kuikausha. Alimkuta Jeconia amesimama vilevile, na mwenye makaa akishusha magunia yake, matano. La sita alimwachia Jeconia aotee moto. Nabwire, aliyeuza mboga pale kando, alikuwa amemwazima kofia. Vijana wa kuosha magari walimzunguka kwa leso mara mbili kwa siku ajisaidie, wakimpa migongo na kuimba kwa sauti ili asione haya.

Jumanne mchana akaja Ruweida, mama Mnubi aliyewapangisha chumba. Dukani kwake kulikuwa na simu, na simu ilikuwa imelia kutoka Ugenya. Alifika akahema kwanza, akamshika Jeconia mkono, ndipo akasema.

"Mamako ameenda, mwanangu. Wanazika Jumamosi."

Jeconia alikuwa kifungua mimba. Kwao mtoto wa kwanza ndiye hutia udongo wa kwanza kaburini kwa mamake, na wadogo zake hawawezi kumtangulia. Asipofika, wadogo watasimama na mikono mitupu, na jeneza litabaki juani likimngoja.

"Nyar Gem," alimwambia mkewe, akimwita binti wa Gem, "nenda kwa hiyo ofisi. Waambie nitarudi Jumapili, nijisimamishe mwenyewe hapa hapa."

Nereah alikwenda Jumatano asubuhi. Karani wa dirishani aliitwa Nthenya. Alimwona Nereah amechoka, akamtolea kiti chake mwenyewe na kumkatia nusu ya chapati aliyobeba ya saa nne. Kisha akasoma karatasi.

"Mwenyewe ako wapi?"

"Amefungwa na mkokoteni."

"Basi akifunguliwa aje."

"Si atafunguliwa akija?"

"Ndio, mama. Ndivyo imeandikwa."

"Mamake amekufa."

"Pole sana," Nthenya alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Mwambie akija abebe na barua ya maziko."

"Mmefunga mtu kama mbuzi, halafu mnaniambia mbuzi alete kamba!"

Nthenya aliangalia chini, akagonga mhuri kwenye karatasi kuonyesha kwamba mke alifika. Nereah aliondoka na ile nusu chapati mkononi. Hasira haikumruhusu kuila, akampa mzee aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, ambaye tairi za gari lake la kuuzia njugu zilikuwa zimefungwa tangu Pasaka. Huyo angalau gari lake lilifungwa akiwa amesimama mbali nalo kidogo.

Alhamisi saa kumi jioni jua liliinama nyuma ya vibanda. Ruweida alikuwa ameleta chai kwa flaski. Alikaa juu ya mkokoteni akatazama chini kwa muda mrefu.

"Kivuli hawajafunga," alisema. "Kivuli hakina gurudumu."

Jeconia alitazama pia. Kivuli chake kilikuwa kimelala barabarani, kirefu, mguu wa kushoto ukicheza kidogo kwa upepo.

"Mama Ruweida, nitazikaje mama kwa kivuli?"

"Kwani ni cha nani? Si ni chako?"

Nereah alipiga magoti akaanza na kisigino cha kulia, akikibandua taratibu kama anayetoa plasta kwenye kidonda cha mtoto. Kivuli kilikuwa baridi na kizito kama shuka iliyolowa. Alikikunja mara nne, akakitia kikapuni, akafunika kwa kitambaa. Kwenye basi la Ugenya utingo alifunua kikapu, akauliza kama hicho kitapakatwa au kinataka kiti. Nereah akasema kitapakatwa. Utingo akampa nafasi ya nyuma ya dereva, mahali pasipo na mtikisiko.

Huku nyuma Jeconia alibaki bila kivuli. Mtu asiye na kivuli jua humpiga pande zote, na kufikia Ijumaa mchana shingo yake ilikuwa imeanza kutoa malengelenge. Nabwire alihamisha meza yake ya mboga hatua tatu, mwavuli wake ukamfunika. Wateja wake waliozoea pahali pa zamani wakanunua kwingine. Hakumwambia Jeconia.

Jumamosi, Ugenya, kulikuwa kumenyesha. Nereah alikikunjua kivuli kando ya kaburi, kikasimama. Wadogo zake Jeconia wawili walivua kofia wakakipisha. Mashangazi walikilaumu kwa kuchelewa, wakakilaumu kwa kukonda, kisha wakalia nacho. Mchungaji alipomaliza, kivuli kiliinama, kikachota udongo mwekundu kwa mikono miwili, kikatia. Udongo ulisikika juu ya jeneza. Ndipo wadogo wakafuata. Jioni kilipewa kigoda na sahani ya kuku, na mjomba mmoja alikaa karibu nacho mpaka giza lilipoingia.

Naibu chifu alikuwepo. Nereah alimwomba barua, akiwaza kwamba ofisi ikiona mhuri wa serikali kwamba msiba ni kweli, itamhurumia mfiwa. Naibu chifu alikuwa mtu mwema, akaiandika juu ya goti lake: *Nathibitisha kwamba Jeconia Osewe, kifungua mimba wa marehemu, alihudhuria maziko na kutia udongo wa kwanza kama ipasavyo.*

Jumatatu Nereah aliteremka kwenye basi akaenda moja kwa moja dirishani, kikapu mkononi. Nthenya aliisoma barua. Machozi yakamtoka, maana naye alimzika mamake Disemba. Akajifuta, akaisoma tena.

"Kumbe alifika Ugenya."

"Kilifika kivuli chake."

"Hapa naona jina lake, mama. Sioni kivuli. Na mhuri uko." Alichukua kalamu. "Mtu akifika Ugenya, anashindwaje kufika hapa mjini? Huyu ameondoka akiwa amefungwa. Hilo ni kosa lingine."

"Dada, wewe umelia sasa hivi."

"Nimelia," Nthenya alisema. "Pole sana." Akaandika.

Nereah hakupiga kelele siku hiyo. Alirudi Kawangware kwa miguu, na hasira ikatembea naye hatua kwa hatua mpaka ikazoea mwendo wake. Alikikunjua kivuli mbele ya Jeconia, akakipanga unyayo kwa unyayo. Jeconia aliuliza kama mama alilazwa vizuri. Alilazwa vizuri. Aliuliza kama udongo ulikuwa mkavu. Ulikuwa na maji, ulishikana vizuri mkononi. Jeconia alifunika uso kwa mikono yake, na kivuli kikafanya vivyo hivyo barabarani.

Jumanne asubuhi Nereah alichota maji kwenye karai ili akioshe kivuli miguu, kwa kuwa kilikuwa bado na udongo wa kaburi kati ya vidole. Gichuru alikuja akiwa na chuma cha pili begani na karatasi kutoka ofisini. Aliwasalimu. Alisema pole kwa msiba. Alisema karatasi inataka gurudumu la kulia nalo lifungwe, mwenyewe asisafiri tena.

Kisha akaona karai.

"Maliza tu, mama," alisema. "Sina haraka."

Akasimama kando, chuma begani, jua likimpiga usoni, mpaka Nereah alipoosha kidole cha mwisho na kumwaga maji mekundu mtaroni. Hapo akainama, akamwomba asogee kidogo asije akamwumiza. Chuma kililia kach. Mguu wa kulia wa Jeconia ukasimama.

Nereah akamshukuru kwa kungoja, kisha akakunja gunia tupu la makaa na kulizungusha kwenye miguu ya mumewe, yote miwili.