Uji wa Ta Audax

Nimefundisha sayansi kimu miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kushindwa na sufuria. Kwa hiyo daktari mmoja wa Bukoba alipotuambia kwamba kolesteroli ya mume wangu, Ta Audax, imefika 6.9, na kwamba anampa miezi mitatu ya kujaribu chakula kabla ya kumwanzishia vidonge, nilijibu mimi kabla ya mgonjwa mwenyewe.

"Daktari, niachie mimi."

Sikuwa najisifu tu. Nilikuwa naogopa. Shemeji yangu Kaijage, mdogo wake Audax, alianguka katikati ya mibuni yake mwaka juzi, moyo ukasimama, akiwa na miaka hamsini na minne. Sikuwa tayari kuwa mjane kwa sababu ya nyama choma.

Tuliporudi Kamachumu nilisafisha jiko. Kongoro marufuku, ngozi ya kuku marufuku, mafuta ya kupikia nikayapima kwa kijiko. Ndizi zikabaki, maharage yakaongezwa, na kila asubuhi uji wa oti. Nilimweleza Audax kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi: oti ina nyuzinyuzi zinazogeuka ute tumboni, na huo ute hupunguza kolesteroli inayoingia kwenye damu. Akauinua kwa kijiko, akautazama ukivutika.

"Mama Violeth, mlenda huu ndio utaniponya?"

"Kunywa."

Akanywa. Kila alfajiri niliupika, nikaumimina kwenye chupa, nikaenda misa. Aliyemmiminia kikombeni akirudi kutoka kwenye migomba ni wifi yangu Ephrasia, dada yao mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akimtunza Kaijage, ambaye hakuwa na mke, na baada ya msiba akahamia kwetu.

Siku ya kipimo nilivaa kitenge kipya. Karatasi ikaja na 7.1.

Daktari hakunilaumu, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema turudi baada ya wiki mbili tuanze dawa. Njia nzima nilimsulubu Audax: anakula wapi, kwa nani, mishikaki mingapi? Akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajala kitu nje. Sikumwamini, nikamnunia siku mbili.

Siku ya tatu Ephrasia aliwahi kwenye jumuiya, nikaosha kikombe cha uji mwenyewe. Maji yakateleza juu yake na kidole changu kikang'aa. Nikanusa. Ilikuwa samli. Miezi mitatu nilikuwa nimepima kila kitu jikoni isipokuwa kikombe hicho, na sikuwahi hata kuuonja uji ule kwa sababu oti yenyewe siipendi.

Nilimsubiri mlangoni.

"Ma Ephrasia, unaweka nini kwenye uji wa Ta Audax?"

Hakuficha. "Samli, waitu, mwenzangu. Vijiko viwili."

"Kwa nini?"

"Mwanamume wa kwetu hapewi uji mkavu. Uji mkavu ni wa mume aliyechokwa. Nikasema wewe una mambo yako ya shule, ngoja nikusitiri, watu wasije wakakusema."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. "Unataka kumuua?"

"Nimuue? Mimi? Hata Kaijage nilimlisha hivyo hivyo, kila siku, mpaka..."

Nililiona likimwingia. Alitafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Mawe, mama yangu! Mama Violeth, ni mimi?"

Ulimi wangu ni mkali, Kamachumu nzima inajua, na jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Kaijage alikuwa na presha, alikuwa na sigara, na alikuwa na ukaidi wa kwenu wa kutokwenda hospitali," nikamwambia. "Usijibebeshe kifo kwa kijiko. Kesho oti utapika wewe."

Nilimpigia daktari nikamweleza ukweli wote. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akatuongezea miezi mitatu na kuonya kwamba hii ni ya mwisho.

Ephrasia akawa askari kuliko mimi. Alipima oti kwa kikombe kile kile, akasawazisha juu kwa kisu, akakoroga bila kuondoka jikoni. Kwenye harusi moja Muleba alimpokonya Audax kongoro mbele ya wakwe, na Audax, mzee mzima, akabaki analamba vidole. Samli ilihamia kwa majirani.

Safari hii tulikwenda Bukoba watatu. Karatasi ilisema 5.8. Daktari aliisoma mara mbili, akasema bado tuendelee, lakini vidonge vitasubiri. Audax akacheka kwa sauti kubwa mpaka muuguzi akachungulia. Mimi nilijinyoosha kwenye kiti, nikingoja sifa zangu.

"Kazi nzuri sana," daktari akasema, akinitazama mimi. "Nani anampikia?"

Ephrasia aliinamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya khanga yake.

"Dada yake," nikasema. "Ni yeye anayemlisha."